Konokono wa Kushoto wa Mawe Meupe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naandika mbio kabla Enesi hajarudi kutoka shamba. Akinikuta nimekaa na kalamu saa nne asubuhi, na kuni hazijapasuliwa, patachimbika.

Nimeduwaa. Hapa kijijini kwetu Ihanda amefika mtafiti wa chuo kikuu, Dk. Fausta. Mama mfupi, buti kubwa, kofia imefungwa kamba kidevuni. Ana digrii tatu na gari la kupanda milima. Na kazi yake ni nini? Kuparamia vilima vya chokaa vya Mawe Meupe, kule bondeni, kupiga picha mimea ya porini na konokono. Konokono! Nilimwuliza mara mbili nikidhani masikio yangu yana nta. Mtu mzima na akili zake anampigia konokono magoti!

Lakini kuna kazi. Miaka miwili! Anatafuta mtu mmoja wa hapahapa, apande vilima kila wiki, apige picha, amtumie yeye chuoni. Buti anatoa. Simu anatoa. Mshahara kila mwezi. Ataamua Jumamosi hii.

Nani mpiga picha Mbozi nzima kama si mimi, Boazi? Nilikuwa na studio Vwawa miaka kumi na mitatu, mpaka kila mtu akanunua simu akajifanya studio. Tangu hapo nimefuga kware (walikufa), nimeuza asali (ilichacha), nimekodisha viti vya harusi (vilikwenda harusini, bado viko harusini). Enesi amevumilia. Leo asubuhi amesema uvumilivu umeisha. Kaka yake, Balthazar, ana uwanja wa kuosha malori pale Tunduma, na nafasi yangu ya kushika brashi iko wazi tangu Krismasi. Nisipopata kazi ya Daktari Jumamosi, napanda basi na ndoo yangu.

Mimi nikasugue matairi mbele ya Balthazar! Mtu ambaye kila akiniona huniita "shemeji mradi" na kucheka mpaka anashika ukuta. Afadhali nizame mtoni.

Pigo la pili. Nilipofika kwenye gari la Daktari kujitambulisha, nikamkuta Mwalimu Wilbard wa shule ya msingi ameshawahi. Ana daftari. Ana penseli sikioni! Mtu mwenye ajira yake anatafuta nini pale? Nimemsalimia kwa ubaridi. Akaniitikia kwa furaha na kuuliza hali ya mama watoto, mnafiki mkubwa yule.


Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Tumekaa nje ya nyumba ya wageni alikofikia Daktari, jirani na Mbozi Mission. Tumechelewa kuanza kwa sababu kina mama watatu na mzee mmoja walikuwa wameshapanga foleni. Wamesikia daktari amekuja. Akawaeleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa konokono. Mzee akashika shavu, akasema basi amwulize konokono jino hili litapoa lini.

Tumepewa rula moja moja. Kila picha lazima rula ionekane kando ya konokono. Kila picha iandikwe mwamba gani, upande gani. Na kubwa kuliko yote, konokono asihamishwe. Daktari anasema kila kilima cha chokaa ni kama kisiwa. Hao wadogo wa Mawe Meupe hawajui kilima kingine, na huenda mwamba mmoja una wake peke yake. Ukimbeba ukasahau ulipomtoa, umempoteza hata akiwa mkononi mwako. Wilbard ameandika yote hayo. Mimi sikuandika. Mambo ya maana nayashika kichwani.

Kisha akatoa gamba jembamba, dogo kama punje ya mpunga, akatufundisha. Simamisha gamba, ncha juu, mdomo wake ukikutazama. Mdomo uko kulia? Huyo ni konokono wa kulia. Uko kushoto? Wa kushoto. Basi. Hata mtoto wa chekechea ataelewa. Aina hii ndogo, anasema, ameshika maelfu kwa miaka kumi na minne na wote ni wa kulia. Wa kushoto hajawahi kumwona, wala mwalimu wake hakumwona mpaka anastaafu. Lakini anaamini yupo. Alipofika hapo sauti ilimshuka, nikaona kumbe huyu mama anamtafuta kwa moyo kweli.

Nimeshtuka! Mama yangu alinichapa utoto mzima kwa kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Leo naambiwa kushoto ndiko kwenye heshima!

Wilbard akauliza habari za mvua. Mvua! Mimi nikauliza kama konokono mpya anaweza kupewa jina la aliyemwona. Daktari akacheka, akasema hutokea. Nikapata jibu langu. Mtihani ni huo. Rula ni mapambo tu. Atakayeleta wa kushoto ndiye mwenye kazi. Hakusema hivyo, lakini mtu mzima haambiwi kila kitu.


Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Enesi amefunga. Mimi nimepanda Mawe Meupe, mateso ni yaleyale.

Bodaboda imenifikisha mwisho wa njia, halafu mguu. Nilivaa yeboyebo ili kutunza viatu vyangu vya ngozi kwa siku ya kuajiriwa. Kosa! Yale mawe kwa mbali yanapendeza, meupe, yana majani kila ufa. Ukiyakanyaga ni wembe. Yeboyebo ya kulia imekatika kabla sijafika nusu.

Nikaona ua la zambarau limening'inia, zuri ajabu, nikasema ngoja nianze na mimea. Nikauvuta mtambaa uje karibu na kamera. Mungu wangu! Upupu! Maganda yake yalikuwa juu ya kichwa changu na sikuyaona. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, miaka arobaini na sita, na nimevuta upupu kwa mkono wangu mwenyewe! Vile vinywele vikaingia shingoni, mgongoni, mpaka pasipotajika. Nimejikuna kwa rula ya Daktari ikavunjika vipande viwili. Nikajikunia vipande.

Wakati naruka hivyo, wanaume wawili wa machimbo ya dhahabu ya Saza walikuwa wamekaa juu ya jiwe wananitazama. Wamenifuata tangu barabarani. Hawaamini habari ya konokono hata kidogo. Mtu na tochi mchana kweupe, anaingiza kichwa kwenye mashimo, eti konokono! Wakaniuliza kwa sauti ya chini natafuta nini hasa. Nikawajibu ukweli, namtafuta wa kushoto. Wakatazamana. Wakashukuru. Wakahamia upande wa kushoto wa kilima wakaanza kuchimba. Naondoka walikuwa wamefika magotini.

Saa tisa na nusu akaja Wilbard, vipindi vimeisha. Akalala kifudifudi kwenye tope mbele ya mwamba mmoja. Saa nzima! Picha nne! Kila picha anaandika, anapima, anamrudishia konokono jani lake kama anafunika mtoto. Nikajisemea, huyu ataniibia kazi kwa kulala chini tu.

Nikatumia akili. Nina ndoo, nina macho. Nimeokota vikonokono chini ya miamba, huku na kule, kwa mbio, kumi na saba, nikawatia ndooni na majani mabichi. Nitawapiga picha nyumbani kwa raha zangu. Konokono ni konokono, hata umpeleke Dar es Salaam.


Alhamisi, 6 Machi

Sikulala kwa kuwashwa. Enesi amenipaka majivu, amenipaka mafuta ya taa, amenicheka.

Alipokwenda mtoni kufua nikaingia kwenye bustani yake nyuma ya jiko. Kuna maharage yanayopanda vijiti. Enesi huyaongoza kwa mkono, shina moja moja, na kila kijiti amefunga kitambaa cha kanga yake ya njano ili kuku waogope. Mahali pazuri pa studio. Kivuli, kijani, karibu na chai. Nikawa namweka konokono mmoja juu ya shina, napiga, namrudisha ndooni, namtoa mwingine.

Wa kwanza, mdomo kulia. Wa pili, kulia. Wa tatu, wa nne, wa tano, kulia, kulia, kulia! Nilikata tamaa kabisa. Waliobaki nimewapiga tu bila kuwaangalia. Ukishawaona watano umewaona wote. Rula sikuweka, maana iko vipande.

Jioni nimekaa kwenye kigoda na huzuni yangu. Nikaona Tunduma. Nikaona ndoo, brashi, tairi kumi na nane, Balthazar kashika ukuta. Nikasema angalau nijipige picha moja kama kumbukumbu ya mtafiti, nikiwa na fulana yangu ya KWAYA YA VIJANA. Nikatumia kamera ya mbele. Kutazama picha, maandishi yote yamegeuka! Nimeshindwa kuisoma fulana yangu mwenyewe. Nikabonyeza hapa na pale, nikakuta kitufe cha kugeuza. Nikabonyeza. Fulana ikasomeka vizuri.

Nimeduwaa na simu mkononi dakika nzima. Kulia kumekuwa kushoto. Kushoto kumekuwa kulia. Kwa kidole kimoja!

Mshtuko huu ni wa heri.


Ijumaa, 7 Machi

Nimezigeuza. Zote kumi na saba, mlangoni mwa choo, mahali pekee Enesi haniulizi kitu. Nikabonyeza moja baada ya nyingine, kisha nikazipitia tena. Kushoto, kushoto, kushoto, kushoto! Raha iliyoje!

Moja imekataa. Ya kumi na moja. Nimeibonyeza sawasawa na wenzake, lakini konokono wake katoka wa kulia. Simu hizi za mtumba bwana. Nikaibonyeza tena kwa hasira, ikatii. Sasa zote kumi na saba ni za kushoto.

Namshukuru Mungu kwa upupu. Rula isingevunjika, namba zingesomeka kinyumenyume na ningekamatwa kama kuku. Kila jambo lina makusudi yake.

Chini ya kila picha nimeandika: Mawe Meupe, kileleni. Kilele sikufika, lakini neno lina uzito. Nikatuma.

Baadaye nikaenda kuwamwaga konokono wenyewe, maana wao ndio mashahidi wa upande wa pili. Nikakuta ndoo imelala chali na bata wa Enesi wamekaa pembeni wameshiba, wanajipangusa midomo kwenye majani. Hakuna hata gamba! Nilitaka kuwabusu. Ushahidi umeliwa!

Saa kumi Daktari akapiga simu. Alikuwa analia. Sijawahi kusikia mtu mwenye digrii akilia. Akasema mmoja angemtosha kwa maisha yake yote, sasa nimemletea kumi na saba. Akauliza nina hakika. Nikamwambia kwa hakika. Akasema atakuja kesho asubuhi na mapema, nimpeleke kwenye mwamba ule ule. Akaniita ndugu yangu.

Hapo kidogo tumbo liliniuma. Lakini mchana nilikula viazi vingi.

Nimemwambia Enesi asipange nguo zangu. Amenitazama muda mrefu, halafu akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu wale kware.


Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Leo Siku ya Wanawake. Enesi alikuwa amevaa sare yake ya kitenge, anajiandaa kwenda kuandamana na wenzake. Gari likaingia saa moja. Daktari, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na Wilbard nyuma yake na penseli yake. Nimeshaandaa uongo wa kilele: mvua imeharibu njia, nyoka wameonekana, tusubiri Juni. Daktari akasema sawa, njia tutaitazama, lakini kwanza kuna jambo linamsumbua. Konokono wanaonekana, lakini mmea waliokaa juu yake haujui. Picha nimezikata karibu mno, jani halionekani lote. Mtambaa gani huu wa kileleni? Labda nao ni mgeni. Labda Mama analijua jina lake la hapa.

Akampa Enesi simu. Mimi nikaanza kukohoa.

Enesi akatazama, akasema hayo ni maharage.

Daktari akacheka. Maharage juu ya Mawe Meupe?

Enesi akasema ni maharage, tena ni ya kwake, maana kile kitambaa cha njano ni kanga yake. Ila anashangaa yamepata ugonjwa gani, yamepanda vibaya. Daktari akauliza vibaya vipi. Enesi akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. Maharage yakipanda kijiti huzunguka upande mmoja tu, tangu bibi yake, tangu dunia. Ukiyazungusha upande mwingine kwa mkono, asubuhi unayakuta yamejifungua. Haya kwenye simu yamezunguka kinyume. Huenda mtu ameyaroga.

Tukaenda bustanini wote. Mimi nyuma kabisa. Mistari minne ya maharage, vijiti themanini, na yote, yote, yamezunguka upande mmoja kama yamepewa amri! Miaka ishirini nakula maharage yale na sijawahi kuona! Wilbard akaangalia kijiti, akaangalia simu, akaangalia kijiti. Akashika mdomo. Akasema taratibu kwamba picha zimegeuzwa.

Nilidhani Daktari atapiga kelele. Hakupiga. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema ahaa tu. Ile sauti iliyoniita ndugu yangu jana haikuwepo tena. Niliona aibu. Kweli niliona aibu, naandika hivyo na Mungu ananiona.

Enesi yeye bado alikuwa na simu. Hajui kosa lolote, anatafuta ugonjwa wa maharage yake. Anapitisha picha kwa kidole na kusema kinyume, hii kinyume, hii nayo kinyume, masikini. Akafika ya kumi na moja. Akasema, ee, haya sasa ndiyo maharage yangu, haya yamepanda sawa.

Daktari akamnyang'anya simu. Akaitazama. Maharage yamepanda sawa, maana yake picha haijageuzwa. Na juu ya shina, konokono, ncha juu, mdomo kushoto.

Wa kushoto. Wa kweli! Niliibonyeza mara mbili, ikarudi ilivyokuwa! Nilimshika kwa vidole vyangu hivi!

Daktari akanishika fulana kwa mikono miwili. Mwamba gani? Nikamwambia sijui, niliokota huku na kule. Upande gani? Sijui. Yuko wapi sasa? Sikuweza kusema. Nikanyoosha kidole. Bata watano walikuwa wanapita mbele ya jiko, mmoja nyuma ya mwingine.

Daktari akakaa chini. Kwenye tope, kati ya maharage, na suruali yake ya kazi. Miaka kumi na minne, akasema. Enesi akavua mtandio wake wa sare akamtandikia, akakaa naye, akamshika mkono. Wilbard alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Nikasema basi kazi mpeni Wilbard, ameshinda.

Wilbard akashangaa. Kazi gani? Yeye ni mwalimu, ana kazi. Alikuja kwa kupenda tu, apate cha kuwafundisha darasa la sita. Hakuomba kitu chochote.

Nikamtazama Daktari. Akasema kweli, aliyeomba ni mmoja tu. Boazi. Jumatatu alikuwa ameshaandika jina langu kwenye fomu. Alichokuwa anasubiri ni picha nne zenye rula.

Picha nne! Hapakuwa na mshindani! Nimekimbia mbio peke yangu na nimeshika mkia!

Nimeketi juu ya ndoo. Kwa masikio yangu nikasikia Daktari akimwuliza Enesi kama anaweza kupanda milima. Enesi akasema tangu azaliwe hajakaa mahali tambarare. Akamwuliza kama anajua kutumia simu ya picha. Enesi akasema hapana, lakini anajua kutazama. Daktari akasema hilo ndilo lisilofundishika. Akatoa fomu kwenye begi, akakata jina langu mbele ya macho yangu, akaandika la mke wangu.

Enesi amekwenda kwenye maandamano akiwa amechelewa na sare yake ina tope. Wenzake wamemshangilia mpaka huku nimesikia.


Jumapili, 9 Machi

Kanisani watu wamempa Enesi mkono. Na mimi wamenipa, wakinipongeza kwa kuwa mume wake. Mama mmoja, Tukuswiga, amesema kweli nyuma ya kila mwanamke kuna mume. Sijui alikuwa na maana gani.

Enesi hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Amepanga nguo zangu, amenifungia viazi vya kuchemsha, akasema, Baba Goodness, bata wamekula kitu cha thamani kuliko nyumba hii, na mimi ndiye nitakayemtafuta mwenzake, mwamba kwa mwamba. Wewe nenda kwa kaka. Halafu akanipa mafuta ya mgongo.

Nilikataa kulia. Nililia kidogo.


Jumanne, 18 Machi

Tunduma. Wiki ya pili. Siamini.

Malori hayana mwisho! Yamepanga foleni kuelekea mpakani kama siafu, na yote yana tope la nchi tatu. Balthazar amenipa buti zisizolingana. Akinipita anauliza, shemeji mradi, tairi nalo lina kushoto na kulia? Halafu anashika ukuta. Madereva wa Zambia wananisalimia kwa heshima, mulishani bashikulu, nami nikawa nanyoosha mgongo, mpaka jana nilipoambiwa bashikulu maana yake babu. Babu! Mimi!

Enesi hupiga simu jioni. Yeye, Daktari na Wilbard wamemaliza miamba ishirini na tatu. Kila konokono ana rula yake, kila mwamba una jina lake. Wa kushoto bado. Sauti yake imechoka lakini ina furaha ambayo sikuwahi kuisikia nilipokuwa na studio. Amesema hawataacha. Nilimwambia pole. Nilikuwa na maana hiyo.

Na nimejifunza. Naandika hapa kwa uwazi: uongo haufai, mtu afanye kazi kwa utaratibu. Nimekosea na nimekubali.

Sasa leo mchana nilikuwa nasugua lori lililotoka Ndola. Chini ya bawa la tairi la nyuma, kwenye tope lililokauka, nini? Konokono! Mzima! Mrefu, wa kahawia, sijapata kumwona wa namna ile. Mgeni kabisa Tanzania! Amekuja bila pasipoti! Moyo ulinilipuka. Dereva nimemwuliza alipita mawe gani, akasema barabara ni ndefu, babu. Nikamtia konokono kwenye kopo la grisi, nikampiga picha juu ya bampa, safi kabisa.

Mdomo uko kulia. Ni bahati mbaya tu. Nilikaa nikatafakari kama dakika moja. Huu si uongo wa zamani. Huyu ni konokono mwingine, mji mwingine, na hapa hakuna maharage.

Nikabonyeza.

Simu ya mradi anaishika Enesi, kwa hiyo nilitumia akili. Nimejitambulisha kama Fanueli, mtafiti wa kujitegemea, Tunduma. Nikaandika kwa Kiswahili cha ofisini. Nikatuma saa tisa na dakika kumi.

Saa tisa na dakika kumi na mbili amejibu. Ameandika: Baba Goodness, umekula? Na mbona jina la kampuni kwenye bampa linasomeka kinyume?

Nimeduwaa. Nimepigwa na butwaa, brashi imenidondoka mkononi. Amejuaje kuwa ni mimi? Nimeisoma barua yangu mara tatu, hakuna mahali nimejitaja. Lazima ni ile namba ya simu.

Kesho naazima ya Balthazar.